Maswali ya Wasomaji: Mvinyo wa Châteauneuf-du-Pape katika joto la Bagamoyo

Barua za mwezi huu zimetoka Bagamoyo kwa wingi, hasa kwa wanaofanya kazi kwenye hoteli za ufukweni, na karibu zote zinauliza kuhusu mvinyo mwekundu wa Kifaransa, wa eneo moja au wa majirani zake. Tumeona tuzijibu kwa pamoja.

Mgeni wetu Mfaransa ameondoka na kuniachia chupa ya mvinyo mwekundu. Kwenye kioo chenyewe kuna alama ya funguo mbili zilizopishana chini ya taji. Lebo inasema Châteauneuf-du-Pape, kilevi asilimia 14.5. Je, ni chupa ya maana? — Mhudumu wa hoteli, Dunda

Ni chupa ya maana, ila usidanganywe na funguo. Hilo ni taji la Papa na zile ni funguo za Mtakatifu Petro. Wakulima wa kijiji cha Châteauneuf-du-Pape walianza kutumia chupa yenye alama hiyo mwaka 1937 ili mvinyo wao utambulike kwa mbali. Vatikani haina mkono humo, na alama haipimi ubora. Wapo watengenezaji wa palepale wanaotumia chupa nyingine kabisa.

Kijiji chenyewe kiko kusini mwa Ufaransa, ukingo wa mashariki wa mto Rhône, kati ya miji ya Orange na Avignon. Ni nchi ya jua kali, yenye upepo mkavu wa kaskazini uitwao mistral. Jua ndilo linaloipa zabibu sukari nyingi, na sukari ndiyo inayogeuka kilevi. Ndiyo maana umekuta 14.5 na usishangae kukuta hata 15. Upepo nao hukausha majani na vichala baada ya mvua, ukungu ukakosa pa kushika. Kwenye picha utaona ardhi imefunikwa mawe ya mviringo, mengine makubwa kuliko ngumi, yaliyosagwa na mto zama za kale. Mchana hushika joto, usiku huliachia. Sisi tunaona mawe hayo yamesifiwa kupita kiasi: kuna mashamba ya udongo mwekundu, ya chokaa na ya mchanga mtupu, na Château Rayas, jina linaloheshimiwa mno hapo, liko juu ya mchanga.

Kwenye lebo tafuta mambo matatu. La kwanza ni maneno "Appellation Châteauneuf-du-Pape Contrôlée", yaani mvinyo umetengenezwa kwa masharti ya eneo hilo. Masharti ni magumu: zabibu zote zitoke ndani ya mipaka, ambayo ni hekta 3,200 hivi katika vijiji vitano, zichumwe kwa mkono, si kwa mashine, zichambuliwe, mbovu zitupwe, kilevi kisipungue asilimia 12.5, na hekta moja isitoe zaidi ya lita 3,500. La pili ni "Mis en bouteille au château" au "au domaine", maana yake aliyelima ndiye aliyejaza chupa. Maneno hayo yasipokuwepo, huenda mfanyabiashara alinunua mvinyo kwa wakulima mbalimbali akauchanganya. Si kosa, lakini bei inapaswa kushuka. La tatu ni mwaka wa mavuno. Mwaka si pambo: Septemba 2002, kwa mfano, mvua kubwa na mafuriko yaliikumba nchi hiyo wakati wa mavuno, na mvinyo mwingi wa mwaka huo ulitoka mwepesi.

Naongoza watalii Misheni na Kaole. Wafaransa huniuliza kama najua mvinyo wa Papa, nami hubaki kutabasamu. Papa wa Roma alifikaje Ufaransa? — Muongoza watalii, Bagamoyo mjini

Kuanzia mwaka 1309 hadi 1377 mapapa waliishi Avignon, mwendo mfupi kutoka kwenye mashamba hayo. Wa kwanza kukaa huko alikuwa Clement wa Tano. Aliyemfuata, John wa Ishirini na Mbili, ndiye aliyejenga ngome kwenye kilima cha kijiji, ikawa makazi yake ya kiangazi, na kilimo cha mizabibu kikapata nguvu. Ngome iliharibiwa katika vita vya dini vya karne ya 16. Mwaka 1944 wanajeshi wa Kijerumani waliokuwa wakirudi nyuma walilipua mnara uliobaki. Leo mnara huo umebaki nusu yake tu. Jina la sasa la kijiji ni la mwaka 1893. Kabla ya hapo kiliitwa Châteauneuf-Calcernier.

Mtu wa pili wa kumtaja ni Baron Pierre Le Roy, mmiliki wa Château Fortia. Mvinyo wa bandia ulipojaa sokoni, yeye na wakulima wenzake walianza mwaka 1923 kuandika masharti yao wenyewe. Mfumo huo ukawa mfano kwa Ufaransa nzima, na mwaka 1936 Châteauneuf-du-Pape likawa miongoni mwa maeneo ya kwanza kulindwa na sheria ya taifa.

Ukitaka kuwachekesha, waambie kwamba mwaka 1954 meya wa kijiji alitoa amri ya kupiga marufuku visahani vya angani, yaani vyombo vya viumbe wa sayari nyingine, kutua kwenye mashamba ya mizabibu. Hilo ni kweli tupu. Na kwa kuwa unaanzia Misheni, lipo jambo jingine linalokufaa. Mwaka 1868, mapadre wa Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa walipofika Bagamoyo, ndio mwaka ambao wataalamu wa Montpellier walimgundua mdudu mdogo wa filoksera kwenye mizizi ya mizabibu ya bonde la Rhône. Mdudu huyo aliitafuna karibu Ulaya nzima.

Hoteli yetu ina vyumba 14 na wageni wanauliza mvinyo mzuri. Tuliwahi kununua katoni, baada ya miezi michache wageni wakaanza kurudisha glasi. Muuzaji anasema ulikuwa mzima. Tuhifadhi vipi? — Meneja, barabara ya ufukweni

Huenda muuzaji anasema kweli. Mvinyo ulifika mzima ukafia stoo kwenu.

Mvinyo kama huu unataka nyuzi 12 hadi 15, bila kupanda na kushuka, gizani, chupa ikilala ili kizibo kibaki na unyevu. Stoo ya kawaida ya Bagamoyo hukaa juu ya nyuzi 28 miezi mingi, na chini ya bati hupita 35. Ukivuka 25 mvinyo huanza kuzeeka haraka, na ukikaa 30 kwa wiki kadhaa harufu ya matunda hupotea, yanabaki mambo mawili: ladha ya jemu iliyochemka na pombe inayounguza koo. Kibaya zaidi, kimiminika hupanuka kikasukuma kizibo. Usiku kikipoa hunywea, hewa ikavutwa ndani. Mchezo huo ukijirudia kila siku kwa miezi, katoni imekwisha.

Kiyoyozi cha ofisini kinachozimwa jioni hakiokoi kitu, kwa sababu ule mzunguko wa joto na baridi ndio unaoua. Nunueni friji ndogo ya mvinyo, au chukueni friji ya kawaida, mwekeeni fundi kidhibiti cha joto cha nje na mkiseti kwenye 13. Ndani wekeni kipimajoto cha kutumbukiza kwenye chupa ya maji. Msiamini namba ya mlangoni, inapima hewa. Umeme ukikatika, mlango usifunguliwe. Friji iliyojaa chupa hupanda joto polepole sana, na saa nne au tano si hatari.

Mkikosa friji hiyo, msinunue katoni. Nunueni chupa mbili tatu kwa muuzaji wa Dar es Salaam ambaye stoo yake mmeingia mkaiona ina ubaridi, mziuze ndani ya mwezi, na mziweke friji ya vinywaji sehemu ya chini. Angalieni pia stempu ya kielektroniki ya TRA kwenye kila chupa. Safari nayo ihesabiwe: buti la gari lililoegeshwa juani Bunju au Mapinga hugeuka oveni. Pakieni chupa kwenye deli lenye barafu kidogo iliyofungwa kwenye mfuko, na deli likae ndani ya gari pamoja na abiria.

Kuna jambo linalokosewa karibu kila hoteli ya pwani. Vitabu huandika kwamba mvinyo mwekundu unywewe kwa "joto la chumba". Chumba hicho ni cha nyumba za mawe za Ulaya kabla ya mifumo ya kupasha joto, nyuzi 16 hadi 18. Châteauneuf ukimiminwa kwa nyuzi 29 hunuka pombe tu, na mgeni ana haki ya kuurudisha. Chupa iliyokuwa stoo iingizeni friji ya kawaida kwa saa moja na nusu hadi mbili kabla ya kufunguliwa. Mgeni akiwa tayari mezani, chukueni ndoo: nusu barafu, nusu maji, chumvi konzi moja, chupa izame hadi shingoni kwa dakika 12 hadi 15. Barafu peke yake bila maji ni polepole, kwani hewa iliyo kati ya vipande haipitishi ubaridi vizuri. Kisha itoeni. Ikibaki ndooni itapita chini ya nyuzi 12, na hapo ukakasi husimama mbele ya kila kitu kama umeng'ata bibo bichi.

Mimineni kidogo, mililita 100 hadi 125. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi sita za 125. Glasi kubwa iliyojazwa kwenye baraza hupata moto kabla haijafika nusu.

Mimi ni Muislamu, sinywi. Kazini natakiwa kufungua chupa na kujibu mgeni akisema mvinyo una kasoro. Nitajuaje bila kuonja? — Mhudumu, Magomeni

Suala la kuhudumia lenyewe ni la shehe wako, sisi hatuliingilii. Kuhusu kasoro, macho na pua vinatosha kwa sehemu kubwa, na hata wahudumu wanaokunywa hutegemea pua kwanza.

Anza kabla ya kufungua. Pitisha kidole juu ya mdomo wa chupa: kizibo kikiwa kimetuna juu ya usawa wa kioo, au ukikuta mchirizi wa kunata chini ya ile karatasi ya bati, chupa imepata joto. Inua shingo kwenye mwanga. Kama chupa haina umri mkubwa na mvinyo umeshuka hadi chini ya shingo, hewa imeingia.

Kata bati chini ya ule mdomo mnene, si juu yake, ili mvinyo usipite kwenye chuma. Ingiza ncha ya opena katikati ya kizibo, zungusha hadi ubakize pingili moja, vuta kwa hatua mbili. Chupa yenye zaidi ya miaka 15 usiifungue kwa nguvu. Kizibo kimelegea na kitakatika. Kikikatika, ingiza opena kwa mshazari na ukivute kwa kukibana upande mmoja. Kikizama ndani, chuja kwa chujio safi la chai, mwambie mgeni, hakuna aibu.

Sasa nusa glasi, si kizibo. Ukisikia boksi lililolowa au kitambaa kilichovunda kabatini, hicho ni kizibo kilichochafuka, kasoro ambayo hutokea hata kwa chupa ghali na haina dawa. Hewa haiiondoi, kinyume chake, huzidi kadiri glasi inavyokaa. Ukisikia siki au rangi ya kucha, bakteria wameanza kazi. Jemu iliyopikwa pamoja na rangi ya kahawia kwenye mvinyo wa miaka michache ni joto. Harufu ya ngozi, nyama mbichi au zizi ina utata: kidogo chake ni kawaida ya mvinyo wa kusini mwa Rhône, na wapo wateja wanaoutafuta kwa sababu hiyo. Hapo usibishe wala usikubali haraka. Mwambie mgeni, "Subiri dakika kumi, nitakuletea glasi kubwa zaidi." Ikipungua, ilikuwa ni harufu ya kufungwa muda mrefu.

Unga mweusi chini ya chupa si kasoro. Ni rangi na ukakasi vilivyotulia kwa miaka. Chupa ya namna hiyo isimamishe wima tangu jana yake, kisha uimimine taratibu kwenye jagi la kioo huku tochi ya simu ikimulika shingo kutoka chini. Weusi ukifika begani, acha.

Mimina mililita 30 hivi kwa aliyeagiza na usubiri. Kuonja ni kazi yake.

Mgeni aliomba Château de Beaucastel, akasema una zabibu aina kumi na tatu. Alikuwa anatania? Na kama hatuumudu, tuweke upi? — Msimamizi wa baa, Nianjema

Hakutania. Masharti ya Châteauneuf-du-Pape yanaruhusu aina 13, nyekundu na nyeupe, na ukihesabu kila rangi peke yake zinafika 18. Hakuna anayelazimishwa kuzitumia zote. Wengi hutegemea Grenache, ambayo hukomaa vizuri juani na kutoa kilevi na utamu wa matunda, ila rangi yake ni hafifu na hewa huiharibu upesi. Kwa hiyo huongezwa Syrah kwa rangi na harufu ya pilipili manga, Mourvèdre kwa ukakasi na maisha marefu, Cinsault kwa wepesi, na Counoise kwa uchangamfu.

Beaucastel, shamba la ukoo wa Perrin lililo Courthézon kaskazini mwa eneo, hulima aina zote 13 na kuzitumia. Upekee wake ni Mourvèdre, karibu thuluthi ya mchanganyiko, kiasi ambacho majirani wengi hawakifikii. Mourvèdre huchelewa kuiva, na upande huo wa kaskazini unahitaji subira na jua la mwisho la Septemba. Kila aina huchachushwa peke yake, zikachanganywa baadaye, kisha mvinyo hukaa kama mwaka kwenye mapipa makubwa ya mwaloni yasiyotia ladha ya mbao. Zabibu zinapoingia kiwandani, maganda yake hupashwa moto hadi kama nyuzi 80 kwa muda mfupi mno, halafu hupozwa hadi 20. Jacques Perrin ndiye aliyeimarisha njia hiyo: huua vimeng'enya vinavyoharibu rangi na hupunguza haja ya salfa, dawa ya kuhifadhi mvinyo. Meneja wa barua iliyotangulia asije akatumia hoja hii kutetea stoo yake.

Kama bei haiwezekani, ukoo huohuo una Coudoulet de Beaucastel, kutoka mashamba yaliyo ng'ambo ya barabara kuu. Mpaka wa eneo ndio unaoyanyima jina la Papa, hivyo huuzwa kama Côtes du Rhône, jina la jumla la mvinyo wa bonde hilo. Kwingineko tafuta Gigondas, Vacqueyras au Lirac. Huyu wa mwisho yuko upande wa pili wa mto, na kwa maoni yetu ndiye anayedharauliwa bila sababu. Kwa glasi za kila siku, Côtes du Rhône Villages yatosha. Kwa baa ya pwani tungeanza na huo na kuacha chupa mbili tu zenye jina kubwa kwenye orodha.

Tuupange na chakula gani? Wageni wanataka pweza na nguru. — Mpishi, Kaole

Nguru na dagaa hapana. Chuma kidogo kilicho kwenye mvinyo mwekundu hukutana na mafuta ya samaki, mdomo ukajaa ladha ya bati. Wape mvinyo mweupe. Pweza hana mafuta mengi. Akichomwa juu ya mkaa na kitunguu saumu anaweza kwenda na Côtes du Rhône mwepesi uliopozwa hadi 14. Pweza wa nazi tunaona bora abaki na mweupe.

Mahali pake hasa ni mbuzi wa kuoka, mishkaki ya ng'ombe yenye mafuta, bata, na pilau ya nyama. Bizari nyembamba, pilipili manga na mdalasini wa pilau hupatana vizuri na Grenache. Adui ni pilipili mbuzi: kilevi cha 14.5 huuongeza moto wake mara dufu mdomoni. Pilipili iletwe pembeni, na kachumbari pia, kwa sababu ndimu huufanya mvinyo uonekane bapa. Chumvi na mafuta ya nyama hupunguza ukakasi, kwa hiyo kipande chenye mafuta kidogo ni bora kuliko steki kavu.

Nina ekari mbili Kiromo. Naweza kupanda Grenache? — Mkulima

Utapata kivuli. Mzabibu wa Ulaya unataka baridi ya kulala na kiangazi kikavu. Châteauneuf huvuna mara moja kwa mwaka, kwa kawaida Septemba hadi mwanzo wa Oktoba. Kwetu hakuna usingizi. Dodoma wanalazimisha mapumziko kwa kupogoa na wanavuna mara mbili, lakini wana juu ya mita 1,100 za mwinuko na hewa kavu. Bagamoyo mvua ni karibu mara mbili ya Dodoma, masika na vuli, na unyevu wa bahari juu yake: ukungu utakumaliza kwa gharama za dawa. Ukijaribu mti mmoja uani, nunua mche uliobebeshwa kama unavyonunua embe, juu ya shina la mzabibu wa Kimarekani. Ndivyo Wafaransa walivyomshinda filoksera.

Chupa iliyobaki nusu? — Mama lishe wa hoteli, Majengo

Mimina upesi kwenye chupa safi ya mililita 375 hivi, ijae hadi shingoni, funga, weka friji. Siku tatu bado ni wa kuuza kwa glasi, ukitoa friji nusu saa kabla. Chupa iliyobaki nusu na hewa nusu, hata friji, usiivushe siku mbili. Ukishachacha kidogo, tia kwenye sufuria ya nyama ya ng'ombe mililita 200 kwa kilo moja, baada ya kitunguu kugeuka rangi, uchemke bila kifuniko mpaka harufu ya pombe iishe, ndipo uongeze maji. Ukiwa umenuka boksi lililolowa, usiupikie. Harufu hiyo huenda na mchuzi hadi mezani.